Panda, Nimekaa

Asubuhi, kabla milango ya ghala haijafunguliwa, wapeleka vifurushi walisimama uani na kusikiliza somo la usalama. Afisa usalama alikuwa dada mdogo mwenye sauti ya upole, aliyetoka chuoni si zamani, na alisema mambo yaleyale kila siku bila kuyachoka. Shika reli. Tazama unapokanyaga. Usibebe mzigo unaokuziba macho. Futa soli kabla ya kupanda. Ukikuta maji, yazunguke. Usipoweza kuyazunguka, pita polepole kwa hatua fupi kama bata. Hapo alipanda juu ya jukwaa dogo la mbao, akaonyesha hatua za bata, na watu wakacheka kwa heshima, maana alizionyesha vizuri.

Baada ya somo kila mtu alitoa simu yake akapiga nyumbani.

Uani palijaa sauti za chinichini. Umekaa? Shuka kitandani, keti sakafuni. Mtoto mpe bibi yake, wewe shika ukuta. Kulikuwa na mama mmoja mnene, aliyeitwa Komando kwa sababu alipanda ngazi huku akiimba nyimbo za jeshini. Alimaliza kuongea na mumewe akairudisha simu kifuani.

"Wangu leo kalala kabisa," alisema. "Anasema hata maji ya kunywa atasubiri nirudi nimnyweshe."

"Huyo haogopi kuanguka," alisema mwenzake. "Huyo ni mvivu tu."

"Mvivu, lakini meno yake yote yapo. Mkeo je?"

"Ya nyuma yapo," alisema mwenzake.

Kijana aliyeitwa Kidevu alisimama kando ya lori, akipiga simu kwa mama yake. Jina hilo alilipata kazini. Kila jengo lilipandwa mara moja tu, kwenda na kurudi mara mbili kulihesabiwa kuwa uzembe, kwa hiyo vifurushi vyote vya jengo moja vilipangwa mikononi kama matofali, na kile cha juu kabisa alikibana kwa kidevu. Ngozi ya hapo ilikuwa imekomaa kama kisigino. Akiwa amebeba hivyo hakuweza kushika reli, wala kuona alipokanyaga, ila somo alilikumbuka lote.

"Mama, umekaa?"

"Nimekaa, mwanangu."

"Kwenye kiti au chini?"

"Chini, chini. Panda, nimekaa."

Mambo yalikuwa hivyo tangu vilipokuja viatu vipya. Zamani wapeleka vifurushi walianguka kama watu wengine wote. Walianguka kwenye ngazi, kwenye vizingiti, kwenye vibaraza vilivyopigwa deki muda si mrefu, wakavunjika mikono na kukaa nyumbani. Kampuni ilichoka na jambo hilo ikaagiza viatu vyeusi, vizito kidogo, vyenye soli ya njano. Aliyevivaa aliweza kuteleza, kujikwaa na kukosa kipandio, lakini hakuanguka. Mguu ulikwenda zake, mwili ukalala upande, tumbo likapanda kooni, kisha akajikuta amesimama wima na vifurushi vyake vyote mikononi. Anguko lenyewe lilikwenda kwa mtu ambaye, dakika ileile, alikuwa akimuwaza mvaaji huyo kuliko watu wengine wote.

Hakuna aliyelitangaza jambo hili. Wake wa wafanyakazi ndio waliolijua kwanza, kwa kuwa wao ndio walioanza kuanguka. Mmoja alidondoka kutoka kwenye kigoda akimenya viazi. Baba mkwe wa mwingine alianguka akiwa ameshika mswaki. Kijana mmoja asiye na mke alijiona amepona, mpaka aliposikia kwamba msichana wa duka la simu alikuwa akianguka mbele ya wateja kila yeye alipoteleza. Hapo ndipo alipojua kwamba anapendwa, na sasa walikuwa wanapanga harusi.

Watu walijifunza haraka. Aliyekuwa amekaa chini, anguko lilimtikisa na kumviringisha tu, kama gunia linalosogezwa. Aliyekuwa amesimama, au ameketi juu ya kitu chochote, lilimshusha kwa urefu wa ngazi zote zilizokuwa kule. Kiti kiliweza kuwa kifupi, lakini anguko likawa refu. Katika mitaa walikokaa wapeleka vifurushi, watu walianza kukata miguu ya meza. Majiko yalishushwa sakafuni. Mgeni aliyebisha hodi mchana aliambiwa aingie, na aliwakuta wenyeji wamekaa chini kila mmoja kwenye kona yake, wakimwomba radhi kwa kutomwinukia.

Kwenye ukuta wa ghala kulikuwa na ubao ulioandikwa idadi ya wafanyakazi walioanguka mwaka huo. Mwanzoni namba iliandikwa kwa chaki. Baadaye msimamizi aliona hakuna haja, akamwita fundi akaipaka ile sifuri kwa rangi ya mafuta.

Mama yake Kidevu alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, kando ya dirisha, na kwa sare hizo ndivyo alivyomlea mwanawe. Mumewe alikufa Kidevu akiwa bado anatambaa, na cherehani ile ya kukanyaga ikabaki kama mtu wa tatu ndani ya nyumba. Ilikuwa na kelele zake, na magonjwa yake, na siku zake za kununa.

Anguko la kwanza lilimvunja kifundo cha mkono. La pili lilimpata nyongani. Daktari alitazama picha ya mifupa akasema nyonga ina ufa.

"Ni kama kikombe chenye ufa," alisema. "Chai kinashika bado. Ila usikidondoshe."

"Nikikidondosha?"

"Hutasimama tena, mama. Na kukaa wima itakuwa shida."

Basi Kidevu alikitoa kichwa cha cherehani mezani, akakiweka juu ya kreti la soda, ili mama ashone akiwa amekaa chini kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Mashati yalikubali. Kola zilikataa. Kola inataka mikono miwili juu ya kitambaa na mguu kwenye pedeli, na mama yake hakuwa mtu wa kutoa kola iliyopinda. Kwa hiyo jioni, mwanawe akisharudi, kichwa cha cherehani kilirudishwa mezani, na yeye alipanda kiti akashona kola mpaka macho yakagoma.

Jengo lililomsumbua Kidevu lilikuwa la ghorofa, ofisi chini na nyumba za kupanga juu. Lilikuwa na lifti nzuri yenye kioo, na kwenye kioo palibandikwa maneno kwamba lifti ni ya wakazi na wageni wao. Mizigo ipite ngazini. Ngazi zilikuwa za mawe yaliyosagwa na kung'arishwa. Pale zinapokata kona, kabla ya ghorofa ya juu, bomba lilivuja kwenye kiungo chake, na maji yalishuka kipandio kwa kipandio usiku na mchana. Reli ilikuwa imeng'olewa ili ipakwe rangi. Ilipakwa rangi, ikakauka, na ilikuwa bado imeegemezwa chini kwenye chumba cha askari wa lango.

Kila siku kabla ya chakula cha mchana kulikuwa na vifurushi vya ghorofa ya juu, na kila siku Kidevu aliteleza pale kwenye kona. Alijaribu kupita kama bata. Bata hana vifurushi mpaka kidevuni.

Alikwenda kwa msimamizi.

"Bosi, zile ngazi za jengo la lifti zina maji."

"Nani kaanguka?"

"Mama yangu."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Aliweka kalamu chini akafikiri.

"Mama yako ni mfanyakazi wetu?"

"Hapana."

"Alifuata nini kwenye ngazi?"

"Hakuwa kwenye ngazi. Alikuwa nyumbani anashona."

"Sasa nimwambieje mwenye jengo? Nimwambie tengeneza bomba lako, kuna mama kaangushwa na ngazi zako akiwa kwake anashona?"

"Ndiyo, bosi. Mwambie hivyohivyo."

Msimamizi alipiga simu, na alisema hivyohivyo, na mwenye jengo alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha kwamba mama ameanguka. Alisema tu kwamba wafanyakazi wa kampuni hupanda ngazi zake kila siku ya kazi, wamebeba mizigo mizito, na hajaanguka hata mmoja. Kama ngazi zingekuwa mbaya, watu wangeanguka. Kwa kweli, alisema, hajui ngazi nyingine mjini zenye sifa kama hiyo.

"Umesikia mwenyewe," msimamizi alimwambia Kidevu, akafunika simu. "Na mimi nitamjibu nini?"

Kidevu alifikiria kuacha kazi. Aliuliza huku na huku. Kampuni nyingine nazo zilikuwa zimeshanunua viatu hivyohivyo.

Siku iliyofuata alifika kwenye jengo la lifti, akavua viatu, akavificha nyuma ya kiti cha askari wa lango, akapanda peku. Kwenye kona mguu ukateleza. Alisubiri ule muda wa tumbo kupanda kooni upite kama kawaida, lakini haukupita. Alianguka. Vifurushi vilimtangulia, yeye akafuata, kwa mgongo, kwa kiwiko, kwa upande wa kichwa, kipandio baada ya kipandio, mpaka alipokutana na ukuta. Alilala pale akisikiliza maumivu yake. Yalikuwa yake yote. Akatoa simu.

"Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka. Kwani umeteleza?"

"Nimeanguka."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kiwiko kinatoka damu."

Mlio wa cherehani ulisimama.

"Pole, mwanangu," mama yake alisema. "Sana?"

"Sana."

Ndipo wote wawili wakaanza kucheka, yeye ngazini kwenye maji, mama sakafuni kando ya kreti, wakacheka mpaka askari wa lango akapanda kuona kuna nini.

Kampuni ililitazama jambo hilo kwa uzito. Ile sifuri ilikuwa ya rangi ya mafuta. Baada ya kikao ikaamuliwa kwamba mtu asiyevaa viatu vya kampuni hayuko kazini, na asiye kazini akianguka, hilo ni lake na familia yake. Kidevu alionywa kwamba hakutakuwa na onyo jingine. Kuanzia hapo viatu vya kila mtu vilifungwa asubuhi kwa utepe wa plastiki, ule unaofungia magunia ya vifurushi, usiofunguka mpaka ukatwe, na msimamizi aliukata jioni kwa mkasi wake.

Kazi ya kufunga alipewa afisa usalama. Alipiga magoti mbele ya kila mfanyakazi, akapitisha utepe kwenye matundu ya kamba, akauvuta. Alipofika kwa Kidevu aliona kile kiwiko.

"Samahani, kaka," alisema.

"Usijali, dada."

"Inabana?"

"Haibani. Imekaa vizuri."

Siku yake ya mapumziko afisa usalama alikwenda kumwona mama. Alichukua mkate na sukari, akabisha hodi, akaambiwa aingie. Alimkuta mwenye nyumba kwenye mkeka, amezungukwa na vipande vya sare, na bila kuambiwa alivua viatu akakaa chini.

"Wewe ndiye mwalimu wa bata," mama alisema.

"Ndiye mimi, mama."

"Mwanangu ananionyesha. Yeye hawezi. Hebu nione wewe."

Dada aliinuka akatembea kama bata toka mlangoni mpaka dirishani, na mama alicheka akishika nyonga yake. Kisha wakanywa chai. Dada aliuliza kama mito ingesaidia, ipangwe kuzunguka kiti.

"Mito nimeipanga sana," mama alisema. "Anguko la ngazi halijui mito, binti yangu. Linakuja na ngazi zake."

Dada alishika kola moja iliyoshonwa nusu, akaigeuzageuza. Alisema chuoni walifundishwa kwamba kila anguko lina chanzo, na chanzo kikiondolewa anguko halipo. Alikuwa amelipenda somo hilo kuliko mengine yote. Mama alimjaza tena kikombe.

Alipotoka pale aliwaza njia nzima. Aliwaza nyonga ya mama, na kola, na kiwiko cha kijana, na aliwaza akilala, na aliwaza akiamka. Siku ya kazi iliyofuata, akiwa ofisini ghalani amesimama mbele ya kabati, alianguka kwa urefu wa ngazi. Alijiinua, akajifuta vumbi. Alijua mara moja lile ni la nani na limetoka kona ipi.

Kwa muda mambo yakawa hivyo. Maanguko ya Kidevu yalikwenda kwa afisa usalama. Nyumbani mama aligundua kwamba saa za hatari zinapita bila mkeka kutikisika. Alingoja siku moja zaidi, na nyingine, kisha mchana kweupe akarudisha kichwa cha cherehani mezani kwa mikono yake mwenyewe, akakaa kitini akashona kola. Jirani, mama mwenye maneno mengi aliyekuwa akimletea maji, alimkuta akikanyaga pedeli na kuimba.

"Leo uko juu, shoga?"

"Niko juu. Kuna mtu ananiwazia mwanangu."

"Mkwe huyo."

"Simtaji jina. Mungu ambariki shavu lake."

Jambo la shavu alilijua kwa sababu Kidevu alimsimulia. Afisa usalama alikuwa na alama ya bluu kuanzia jicho mpaka kidevuni, na siku moja alianguka katikati ya somo, kwenye maneno ya bata, mbele ya watu wote. Hakucheka mtu. Komando alimwinua. Yeye alishukuru akaendelea pale alipoachia. Baadaye Kidevu alimfuata kando ya lori.

"Dada, acha kuniwaza."

"Siwezi kuacha kwa kuambiwa."

"Utavunjika."

"Mimi ni mdogo," alisema. "Mifupa yangu ina maziwa bado. Wewe panda kwa uangalifu tu."

Kidevu alipanda kwa uangalifu wote alionao. Maji yaliendelea kushuka.

Tatizo lilikuwa kwamba afisa usalama naye alikuwa mfanyakazi. Maanguko yake yalitokea ndani ya ukuta wa ghala, mbele ya ubao. Wakubwa walimwita wakazungumza naye kama wazazi. Walisema wanaona ana moyo, na moyo ni kitu kizuri. Lakini kazi yake ni kuufikiria usalama kwa ujumla, si kumfikiria mtu mmoja mmoja. Akianza hivyo, wafanyakazi ni wengi, atakwisha. Kisha wakampa viatu vya soli ya njano, saizi yake, na msimamizi akavifunga utepe.

Tangu hapo hakuanguka tena. Lile la Kidevu lilipofika kwake lilimpitia tu, likaenda kwa bibi yake aliyemlea, ambaye alikuwa akimuwaza mjukuu wake mchana kutwa kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Bibi alianguka bombani akiwa na ndoo ya maji. Akapona, akaanguka tena mlangoni. Afisa usalama alipigiwa simu na shangazi yake. Hakuna aliyemlaumu. Alikaa ofisini mlango umefungwa, na alipotoka alikuwa amejifunza kuufikiria usalama kwa ujumla. Asubuhi alisema yaleyale kwa sauti ileile ya upole, lakini aliangalia juu kidogo ya vichwa vya watu, na alipofunga viatu hakutazama ni vya nani.

Mkeka ukaanza kutikisika tena. Mama alirudisha cherehani kwenye kreti.

"Kale kabinti kameacha kukuwaza," alisema jioni.

"Ana bibi yake, mama."

"Basi yuko sawa. Na mimi niache. Ni kuzoea tu."

Wakajaribu. Jirani aliombwa aje kila siku kabla ya chakula cha mchana amjaze mama habari za mtaa mpaka asipate nafasi ya kuwaza kitu kingine, na kwa kazi hiyo hakukuwa na mtu bora kuliko yeye. Alileta habari za ndoa, za kesi, za mwanamke aliyemwaga mafuta ya mwenzake. Mama alisikiliza, akaguna panapotakiwa, na katikati ya kesi tamu kabisa akasema, "Sasa hivi atakuwa anaingia langoni," akaviringika mpaka ukutani.

"Nikasirishe," alimwambia mwanawe. "Mtu uliyemkasirikia humuwazi vizuri."

Kidevu alitazama sahani yake akitafuta neno.

"Mboga yako haina chumvi."

"Chumvi imo."

"Imo kidogo."

"Mwanangu," mama yake alisema, "wewe kutukana hujaumbiwa. Kula."

Wazo la mwisho lilikuwa la Kidevu. Alisema huenda kosa ni simu. Kila asubuhi anapiga, na akipiga anamkumbusha; anamtia mawazo kwa mkono wake mwenyewe. Asipopiga, mama hatajua kama ameenda kazini au yuko kwenye lori au amelala chini ya mti, na asiyejua atawaza nini? Waliligeuza wazo hilo pande zote na hawakuliona kasoro. Komando aliposikia hakulipenda, ila hakuweza kusema kwa nini. Yeye alipiga kwake kama kawaida.

Asubuhi hiyo, wenzake wakinong'ona na simu zao, Kidevu alikaa kwenye ngazi ya lori mikono mifukoni. Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Alijua nyumbani kuna kola nyingi.

Mama alikuwa kwenye mkeka. Alizungusha gurudumu kwa mkono, akashona pindo moja, la pili. Simu ilikuwa dirishani, inachaji. Hakuwaza kitu, na alijisifu kwa hilo. Jirani alikuwa bado hajafika. Kisha ile saa ambayo simu ilikuwa ikilia kila siku ikapita, na chumba kikawa kimya kwa namna ambayo hakikuwahi kuwa kimya. Alijua kwamba walikubaliana. Akaendelea kujua hivyo kwa muda. Halafu akaanza kujiuliza kama simu imezimika, au chaji imechomoka, au kijana ameumwa njiani akataka kupiga akashindwa. Na ikiwa amepiga yeye asisikie? Hakuwahi kumuwaza kwa nguvu kama asubuhi hiyo. Alishika meza, akainuka taratibu kwa ajili ya nyonga, akasimama wima dirishani kuitazama simu.

Kwenye kona Kidevu aliteleza. Kilichotangulia ni mguu wa kushoto, kisha vyote viwili. Alilala hewani na vifurushi vyake kidevuni, kisha akajikuta amesimama. Alikuwa ameanza kupata mazoea ya kujua uzito wa anguko linapoondoka, na hili lilipoondoka alijua. Mikono yake ilikuwa imejaa. Hapakuwa na mahali pakavu pa kuweka vifurushi. Akapanda vipandio vilivyobaki, akabonyeza kengele kwa kiwiko, akasubiri. Mwanamke mmoja alifungua, akapokea, akatia saini bila kutazama, akauliza kama kile kikubwa kina vitu vya kuvunjika.

"Kinavyo," Kidevu alisema. "Lakini kimefika salama."

Ndipo akatoa simu. Ilipokelewa na jirani.

Daktari alisema alichokuwa ameshasema. Mama alirudishwa nyumbani akalazwa kwenye godoro sakafuni, mgongo chini, uso juu, na hivyo ndivyo atakavyokuwa. Sare ambazo hazijaisha jirani alizipeleka kwa fundi mwingine. Cherehani ilifunikwa shuka.

Mwisho wa mwezi kampuni ilitengeneza vibao vidogo vya shaba vya kuwashukuru wenye majengo ambayo hakuna mfanyakazi aliyewahi kuanguka. Mwenye jengo la lifti alikipokea cha kwake kwa mikono miwili. Fundi alikipachika ngazini, pale zinapokata kona, kwa sababu ukuta wa hapo ulikuwa wazi, na baada ya siku chache kikaanza kushika kijani kwa unyevu. Fundi huyohuyo alikuwa na spana mfukoni. Hakuagizwa kukaza bomba.

Asubuhi ya kurudi kazini Kidevu alimwogesha mama yake, akamnywesha uji, akamgeuzia mto. Mama alimtazama akivaa.

"Nilikuwa nataka kukuuliza," alisema. "Mimi sasa sina pa kuangukia, au siyo?"

"Huna, mama."

"Niko chini kabisa."

"Uko chini kabisa."

"Basi naweza kukuwaza."

Kidevu alifunga kamba za kiatu, akafungua, akafunga tena.

"Unaweza, mama."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Mama alitulia. Hakuwa ameipata ruhusa hiyo tangu vilipokuja viatu. Aliposikia mlango umefungwa alifumba macho akaanza mwanzo kabisa, mtoto akitambaa chini ya cherehani, akiokota vifungo na kuvitia mdomoni, na akaja naye taratibu mwaka baada ya mwaka mpaka ghalani, mpaka kwenye lori, mpaka langoni kwa askari. Alimuwaza kwa raha. Mara kwa mara godoro liliruka kidogo likatulia, na yeye akaendelea. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na Kidevu aliteleza karibu kila jengo, na kwenye kila mlango alifika amesimama wima.